Majibu ya Mmoja Hayasemi Hali ya Wawili

Bagamoyo inayozungumzwa hapa si ile ya pwani yenye magofu ya Kaole, bali ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, katika nchi ya migomba na chai. Mkoa wake, Mbeya, umeelemewa sana na virusi vya Ukimwi: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 mkoani humo, zaidi ya 9 wanavyo.

Tumchukue mke aliyepimwa kliniki ya wajawazito, akaambiwa kwamba anavyo. Majibu hayo hayasemi lolote juu ya mumewe. Huenda mume anavyo, huenda hana; wala aliyetangulia kuambukizwa hajulikani kwa kutazama ni nani aliyetangulia kupimwa. Kosa hili la hoja ndilo linalowafanya wanawake wengi wafiche majibu, maana anayepimwa mapema huitwa mleta ugonjwa.

Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, ambazo mwili huchukua majuma kadhaa, pengine hata miezi mitatu, kuzitengeneza kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo sababu mwenzi aliyekutwa salama huombwa arudi kupimwa tena. Kwa aliyekutana na hatari siku mbili tatu zilizopita zipo dawa za kinga, lakini sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa kwa siku 28. Mume asiyearifiwa hawezi kuzifuata.

Sheria Na. 28 ya mwaka 2008 humtaka aliyeijua hali yake amwarifu mwenzi wake mara moja. Nionavyo mimi, sheria peke yake haimpi ujasiri mke anayeogopa kufukuzwa na kupoteza shamba. Afadhali wenzi wapimwe pamoja, au mshauri awepo wakati wa kusema, kwa ridhaa ya mwenye majibu. Na penye hofu ya kipigo, usalama wake utangulie.

Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa jozi 1,763 za wenzi, mmoja akiwa na virusi na wa pili hana, katika nchi 9, zikiwemo Kenya na Malawi, jirani wa Tanzania. Maambukizi 28 yalithibitika kutoka kwa mwenzi. Katika hayo, 1 tu lilitokea upande wa walioanzishiwa dawa mapema. Na hakuna aliyepokewa katika utafiti huo ila aliyekuwa radhi kumwarifu mwenzake.