Msalaba Mahali pa Soko la Watumwa

Zamani za Warumi msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Basi Paulo alipomhubiri Kristo aliyesulubiwa, Wayunani waliona ni upuuzi: Mungu afe kifo cha mtumwa! Kumbe hapo ndipo penye maana yenyewe. Alishuka hata mahali pa mtumwa, apate kumkomboa.

Huko Unguja, Mkunazini, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa papo hapo jiwe la msingi la kanisa. Ndani umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Wako wahubiri wautajao msalaba kana kwamba ni pambo la shingoni. Hao na wasimame pale kwanza, palipouzwa watu.