Viwavijeshi: Adui Ashukaye na Mvua

Wako wasemao kwamba viwavijeshi hunyesha pamoja na mvua. Kauli hiyo si kweli, lakini si upuuzi mtupu. Ashukaye na mvua ni mama yao: nondo mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, arukaye usiku akichukuliwa na upepo hata mamia ya kilomita. Pepo za mvua zikutanapo, nondo hukusanywa mahali pamoja, wakataga mayai yao, mamia kwa kila jike.

Mayai huanguliwa kati ya siku 2 na 5. Viwavi wachanga ni wadogo mno, hata jicho huwapita. Wakiwa wachache hubaki na rangi ya kijani au kahawia, kila mmoja kivyake. Wakisongamana hugeuka weusi, wakawa walafi, wakaandamana kama askari kutoka shamba hadi shamba. Huishi hivyo wiki 2 hadi 3, na sehemu kubwa ya ulaji wao hufanyika siku za mwisho. Kisha hujifukia ardhini, na baada ya siku 10 hivi hutoka nondo wapya, wakaruka zao.

Ndugu msomaji, hesabu hiyo yamhusu hasa mfanyakazi wa mjini mwenye ekari yake nje ya mji, aiendeaye kila mwisho wa mwezi. Aweza kuacha mahindi yamestawi, akarejea na kukuta vijiti vitupu, naye mwizi keshaondoka. Kunyunyizia dawa wakati huo ni kutupa fedha.

Yafaa basi shamba likaguliwe kila wiki tangu mvua za kwanza, majani yakifunuliwa moja moja, na bwana shamba aarifiwe mapema. Ukaguzi huo humfichua pia kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, aliyeonekana nchini Tanzania mwaka 2017, ambaye haandamani bali hujificha katikati ya majani ya juu ya mmea.

Aidha, viwavijeshi wetu wa asili hula jamii ya nyasi: mahindi, mtama, mpunga na malisho ya ng'ombe. Mihogo na maharage huyaacha. Familia iliyotenga sehemu ya shamba kwa mazao hayo itakuwa na cha kuweka chunguni hata mwaka ambao mahindi yote yameliwa.