Saibapanki: wadukuzi, roboti na wenye kuwamiliki

Saibapanki ni tawi la hadithi za kubuni za kisayansi lililoshika kasi Amerika Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kompyuta zilipoanza kutoka vyuoni na maofisini na kuingia majumbani. Hadithi hizi kwa kawaida haziendi kwenye nyota za mbali. Zinatokea duniani, miaka michache mbele, katika miji iliyosongamana ambako serikali zimelegea na makampuni makubwa ndiyo yenye amri. Mhusika mkuu huwa mtu wa mtaani: mdukuzi, mwizi wa data, askari wa kukodiwa. Jina la tawi hili linatokana na hadithi fupi ya Mmarekani Bruce Bethke iliyochapishwa mwaka 1983.

Riwaya iliyolipa sura yake ni Neuromancer ya mwaka 1984. Mwandishi wake, William Gibson, alizaliwa Marekani akahamia Kanada, na aliiandika kwa taipureta. Case, mdukuzi wa riwaya hiyo, amewaibia waajiri wake. Hawakumuua, walimtia sumu iliyoharibu mishipa yake ya fahamu, asiweze tena kuingia mtandaoni, wakamwacha ahangaike na riziki huko Chiba, Japani. Baadaye tajiri mwingine anamlipia matibabu, lakini anaagiza apachikwe ndani ya mishipa ya damu vifuko vya sumu ileile, vinavyoyeyuka polepole. Kazi ikiisha salama vitaondolewa. Asipoimaliza kwa wakati, atarudi kuwa kama alivyokuwa.

Anayeipanga kazi hiyo kwa siri ni Wintermute, akili mnemba anayetaka kujikomboa. Sheria za ulimwengu wa riwaya zimempa uraia wa Uswisi wenye mipaka, huku mashine na programu anamoishi zikiwa mali ya ukoo wa kitajiri wa Tessier-Ashpool. Wapo pia polisi maalumu, waliopewa jina la mwanahisabati Alan Turing, wa kuzuia akili za namna hiyo zisijiongezee uwezo. Hapo ndipo Gibson anapowapita waandishi wengi waliomtangulia. Mashine yake haiogopwi kwa chuma chake wala nguvu zake. Inafungwa kwa hati ya umiliki, sawa na binadamu anayeitumikia. Mwenzao wa tatu, Dixie, ni mdukuzi aliyekwisha kufariki, na ujuzi na tabia yake vimehifadhiwa kwenye kifaa cha kumbukumbu kilichokuwa katika maktaba ya kampuni. Anajua kwamba amekufa, na malipo anayoyadai ni kufutwa.

Roboti wenye akili walikuwapo katika fasihi zamani. Isaac Asimov aliwawekea kanuni tatu mwaka 1942: wasimdhuru binadamu, wamtii, na wajilinde pale ambapo kujilinda hakuvunji kanuni mbili za kwanza. Rudy Rucker, mwanahisabati wa Marekani, alizipindua kanuni hizo katika Software ya mwaka 1982. Roboti wake wanaishi Mwezini na hawakuundwa na fundi kwa ukamilifu. Kila mmoja hulazimika kujijengea mwili mpya kila baada ya miezi michache, programu zao hubadilikabadilika, na wanaofaulu ndio wanaoendelea. Kwa njia hiyo mmoja wao anaacha kuwatii watu. Rucker hakuwageuza malaika: roboti wakubwa wanataka kuwameza wadogo wawe akili moja, na wadogo wanapigana kulinda nafsi zao.

Wazo la programu zinazobadilika zenyewe halikubaki vitabuni. Mwaka 1987 Christopher Langton aliitisha huko Los Alamos mkutano wa wanasayansi kuhusu uhai bandia, yaani mifumo iliyotengenezwa na watu lakini yenye mwenendo wa viumbe hai. Muda mfupi baadaye Thomas Ray, mwanaikolojia aliyezoea misitu ya Costa Rica, aliunda ndani ya kompyuta mazingira aliyoyaita Tierra. Aliweka humo programu moja yenye maagizo 80, kazi yake ikiwa kujinakili, kukiwa na makosa madogo ya hapa na pale. Ilipozaana, vikajitokeza vimelea vyenye maagizo 45 tu: vilikuwa vimepoteza sehemu ya kujinakili, vikaazima ya jirani. Hakuna aliyeviandika.

Filamu ziliifikisha saibapanki kwa watu wengi zaidi. Katika Blade Runner ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 1982 kutokana na riwaya ya Philip K. Dick, watu bandia wamewekewa ukomo wa miaka minne, na mmoja wao anamfuata mwenye kampuni kumdai aongezewe maisha. Ghost in the Shell ya Mamoru Oshii, ya mwaka 1995, inamwonyesha Motoko Kusanagi, ofisa wa polisi ambaye karibu mwili wake wote ni wa kuundwa. Akijiuzulu, itambidi aurudishe mwili huo serikalini.

Kuna wakati saibapanki iligongana na dola yenyewe. Machi 1, 1990, maofisa wa Secret Service ya Marekani waliivamia Steve Jackson Games, kampuni ya michezo huko Austin, Texas, wakachukua kompyuta pamoja na mswada wa kitabu cha mchezo wa saibapanki. Kampuni ilikwenda mahakamani, na mwaka 1993 ikashinda na kupewa fidia ya zaidi ya dola 50,000.

Afrika nayo imeingia katika saibapanki. Lauren Beukes wa Afrika Kusini aliuweka mji wa Cape Town katika riwaya ya Moxyland, mwaka 2008. Filamu ya Neptune Frost ya Anisia Uzeyman na Saul Williams, iliyotoka mwaka 2021, ilipigwa Rwanda, nayo inasimulia habari za Burundi, kwa mazungumzo ya Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili na lugha nyingine. Wadukuzi wake ni watoro wa machimbo ya koltani, madini ambayo tantali yake hutumika kwenye vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Kwa kumfanya mchimbaji kuwa mdukuzi, filamu hii inaupeleka umiliki wa mashine hadi shimoni inakoanzia, mahali ambapo riwaya za Gibson hazikufika.