Kati ya Surua na Dawa Kuna Kazi ya Kutakasa

Baada ya swala ya Isha hapa Mbeya, mzazi mmoja aliyetoka Iringa alinisogelea na simu mkononi. Ujumbe aliotumiwa ulidai kwamba surua huponya saratani. "Ustadh," aliniuliza, "kama ni hivyo, kwa nini tunawachanja watoto?" Mwanawe alikwishatimiza miezi tisa, na chanjo ya surua na rubela ilikuwa bado.

Sikumwambia kuwa ni uongo mtupu, kwani chimbuko la habari ile ni la kweli, tena si mbali nasi. Mwaka 1971 madaktari Bluming na Ziegler, waliofanya kazi Uganda, waliandika kuhusu mvulana wa miaka minane mwenye uvimbe wa Burkitt katika tundu la jicho la kulia. Kabla hajatibiwa alipata surua, na uvimbe ukanywea. (Ndio uvimbe ule ambao Denis Burkitt, katika safari yake ndefu ya gari ya mwaka 1961, alibaini kuwa ni nadra kwenye nyanda za juu zenye baridi kama zetu.)

Lakini mtoto mmoja si tiba. Surua ya mitaani hupofusha, huleta nimonia, na huua. Watafiti hawakuitumia hiyo. Walichukua kirusi kilichodhoofishwa, cha ukoo ule ule wa chanjo, wakatafuta namna ya kukiandaa ili kiweze kutiwa katika mshipa wa mgonjwa.

Hapo ndipo penye kazi. Dozi moja ya chanjo huhitaji angalau virusi hai 1,000. Katika jaribio la Mayo Clinic, Marekani, lililotangazwa mwaka 2014, mgonjwa wa saratani ya uboho alipewa bilioni 100 kwa mkupuo mmoja. Virusi haviongezeki peke yake. Hukuzwa ndani ya seli hai, kisha huvunwa vikiwa vimechanganyika na mabaki ya seli hizo na vinasaba vyake. Uchafu huo ukiingia katika damu unaweza kumdhuru mgonjwa. Kwa hiyo vimeng'enya hutiwa kuvikatakata vinasaba, vichujio huzuia mabaki, na maji hupunguzwa hadi virusi vingi vibaki katika ujazo mdogo.

Dawa nyingi za sindano huchujwa mwishoni kwa kichujio chenye vitundu vya nanomita 200 hivi, bakteria wasipite. Kirusi cha surua kina nanomita 100 hadi 300, hivyo dawa nyingi ingenaswa humo. Basi usafi hauwezi kusubiri mwisho: vyombo, hewa ya chumba na mikono ya mtendaji lazima viwe safi tangu seli ya kwanza. Tuliosoma mlango wa tahara tutaielewa hoja hiyo upesi.

Hata baada ya taabu yote hiyo, kati ya wagonjwa wawili walioripotiwa, ni mmoja tu ambaye saratani ilimtoweka, kwa miezi tisa. Wote wawili walichaguliwa kwa kuwa hawakuwa na kinga ya kutosha dhidi ya surua, maana kinga hiyo huviua virusi kabla havijaufikia uvimbe. Tiba hii ingali katika utafiti. Mwenye uvimbe leo apelekwe hospitali mapema, hata ikibidi safari ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Mzazi yule alinisikiliza hadi mwisho, akaitazama tena simu yake. Kisha akampigia mkewe Iringa, akamuuliza kadi ya kliniki iko wapi.