Runinga ya Kioo Kikubwa: Ubora wa Picha na Uimara

Vitunguu vikishauzwa na madeni ya pembejeo yakilipwa, familia nyingi za Malolo, wilayani Kilosa, huanza kufikiria kitu kitakachobaki nyumbani baada ya fedha kwisha. Baadhi huezeka upya, baadhi hununua pikipiki, na siku hizi wapo wanaonunua runinga kubwa. Mara nyingi ununuzi huo hufanyika kwa haraka. Mtu husafiri asubuhi hadi Mikumi au Morogoro, husimama mbele ya ukuta wa runinga zilizowashwa, huchagua inayong'aa kuliko zote, kisha huwahi basi la kurudi. Kosa likijulikana baadaye, kulirekebisha ni safari nyingine, na huenda ni fedha za msimu mwingine. Kwa sababu hiyo tunamwomba mnunuzi ajiulize maswali mawili kwa wakati mmoja: picha ni nzuri kiasi gani, na chombo hiki kitadumu vipi katika nyumba yangu, kwa umeme wangu?

Majina ni mengi, aina ni chache

Katoni huandikwa LED, QLED, OLED, UHD na mengine mengi, hata mtu akadhani kila herufi ni uvumbuzi mpya. Ukweli ni kwamba runinga nyingi zilizopo madukani ni za aina moja, nayo ni LCD. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake chenyewe. Ni mfano wa ukuta wenye vidirisha vidogo mno, vinavyofunguka na kufunga, na nyuma yake zimewekwa taa. Zamani taa hizo zilikuwa mirija myembamba. Sasa ni taa ndogo za LED. Kwa hiyo runinga inayoitwa LED ni LCD ileile iliyobadilishiwa taa. QLED nayo ni LCD iliyoongezewa tabaka la chembe ndogo sana zinazosafisha rangi. Rangi zake kwa kawaida ni nzuri zaidi, lakini muuzaji akikuambia kwamba ni teknolojia tofauti kabisa, anapamba maneno.

OLED ndiyo iliyo tofauti. Hapa kila nukta ya picha hujiwakia na kujizimia yenyewe, hivyo penye giza katika filamu huwa na giza kweli, wala si kijivu. Kwa anayetazama usiku katika chumba kilichotulia, picha hii haina mshindani. Hata hivyo bei yake ni kubwa, na ina udhaifu unaozigusa nyumba zetu moja kwa moja: alama inayokaa mahali pamoja kwa muda mrefu, kama nembo ya chaneli au kisanduku cha matokeo ya mpira, huweza kuacha kovu la kudumu kwenye kioo. Nyumba au kibanda kinachowasha chaneli moja kutwa nzima kisinunue OLED.

Ipo pia plazma, ambayo hutumia gesi. Picha yake ilisifiwa sana, na mchezo wa kasi ulionekana bila ukungu. Lakini Panasonic iliacha kuzitengeneza mwishoni mwa mwaka 2013, nazo Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Plazma inayouzwa leo ni kuukuu, na vipuri vyake ni vya kuokoteza. Zaidi ya hayo, inakula umeme. Chukua plazma inayotumia wati 300, ikawashwa saa 5 kwa siku: kwa siku 30 itakuwa imemaliza uniti 45 za LUKU. Runinga ya LED ya wati 100 kwa muda huohuo humaliza uniti 15. Kwa mteja wa daraja la D1, ambaye nafuu yake ya bei inategemea kutozidi uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo inaweza kumtoa kwenye daraja lake. Bei ndogo ya mtumba huo isikuvute.

Kinachokufa kwanza

Katika LCD yenye taa za LED, mara nyingi kinachoharibika ni taa, wala si kioo. Taa hizo hufungwa kwa mfululizo kwenye vipande virefu, na moja ikiungua huweza kuzima wenzake wote. Dalili yake ni sauti kuendelea huku kioo kikiwa cheusi. Zima taa za chumba, sogeza tochi ya simu karibu na kioo na kumulika kwa mshazari. Ukiona kivuli cha picha kikitembea, kioo ni kizima na taa ndizo zilizokufa. Ugonjwa huo unatibika kwa fundi mwenye uzoefu. Kioo kilichopasuka ni jambo jingine: bei ya kioo kipya huweza kukaribia bei ya runinga nzima, na dhamana ya dukani kwa kawaida haihusu mpasuko. Fundi akitaka kukubadilishia "kioo" kabla ya kupima kwa tochi, mwulize kwa nini.

Adui mkubwa wa taa ni joto. Mwanga uliowekwa hadi mwisho, kama wafanyavyo madukani, huzichosha mapema. Ukifika nyumbani ingia kwenye mipangilio, ushushe mwanga wa nyuma hadi nusu au zaidi kidogo, na uchague picha ya "sinema" au ya kawaida. Macho yatazoea baada ya siku mbili, na rangi ya ngozi za watu itakuwa ya kweli zaidi. Chini ya bati lisilo na dari, usiibane runinga ukutani. Iachie nafasi ya kupumua nyuma. Vumbi liondolewe kwa brashi laini au kitambaa kikavu, kamwe si kwa maji ya kunyunyiza, kwani maji huteremka kwenye ukingo wa chini na kuua kioo. Mijusi na sisimizi nao hupenda ule uvuguvugu, na wakiingia ndani huweza kuunganisha nyaya zisizopaswa kuunganishwa.

Adui wa pili ni umeme usiotulia. Runinga imetengenezwa kwa volti 230 hivi, na hatari mara nyingi huja pale umeme unaporudi baada ya kukatika. Nunua gadi ya runinga, ile inayosubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme kupita. Wakati wa radi gadi haitoshi: chomoa plagi na waya wa antena pia, maana radi hupita huko vilevile. Wanaotumia sola wajihadhari na inveta za bei ya chini. Kwao runinga ndogo ya volti 12 ni salama kuliko kubwa ya kulazimisha.

Ukubwa, na picha unayoipata kweli

Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo chenyewe, bila fremu. Runinga ya inchi 43 iwe na sentimita 109, na ya inchi 55 iwe na sentimita 140 hivi. Nenda na futi kamba. Haimuudhi muuzaji mwaminifu.

Kuhusu 4K, ambayo ina nukta 3840 kwa 2160, tuseme wazi kwamba runinga haiwezi kuonyesha kile ambacho haikutumiwa. Chaneli nyingi za king'amuzi cha antena hurushwa kwa ubora wa kawaida wa mistari 576, na kwenye kioo kikubwa zaidi picha hiyo huonekana na ukungu zaidi. Faida ya 4K huja kwa filamu zilizorekodiwa hivyo, au kwa intaneti, ambako saa moja huweza kumaliza GB 7 za kifurushi. Kwa sebule ya mita tatu yenye king'amuzi cha kawaida, tunaona inchi 43 za LED, kutoka kwa mtengenezaji ambaye vipuri vyake vinapatikana Morogoro, ni chaguo la busara kuliko inchi 55 za jina lisilojulikana. Kama watu huketi pembeni pembeni, ulizia kioo cha IPS, ambacho rangi zake hazipauki kwa upande. Weusi wake hauna kina sana, lakini kila mtu ataona.

Beba flashi yenye picha nyeupe tupu, nyeusi tupu na kipande cha mpira. Nyeupe hufichua nukta zilizokufa, nyeusi hufichua mwanga unaovuja pembeni, na mpira huonyesha kama picha inaburuza. Hakikisha kuwa runinga inapokea DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena nchini. Runinga za mtumba kutoka Marekani hutumia mfumo mwingine, na baadhi zimetengenezwa kwa volti 110 tu.

Safarini, katoni isimame wima. Isilazwe, wala isikaliwe na gunia. Dai risiti ya EFD yenye jina la modeli, na namba ya mashine iliyo mgongoni mwa runinga ifanane na ya katoni. Muda wa dhamana uandikwe, na mahali pa matengenezo patajwe. Ukibaini kuwa bidhaa ni bandia, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Kuhusu ubora na usalama, nenda Shirika la Viwango Tanzania. Katoni usiitupe wala usiifanye kiota cha kuku mpaka dhamana iishe, kwa kuwa muuzaji anaweza kuidai siku utakayoirudisha, na bila katoni hiyo runinga haitafika Morogoro ikiwa nzima.