Kitabu kimoja, sauti tano: nani anasimulia Kongo ya 1960?

Mama mmoja na mabinti wake wanne wanasimulia mambo yale yale, katika kijiji kile kile cha Kongo, lakini kila mmoja ameona yake. Ndiyo sababu riwaya ya Mmarekani Barbara Kingsolver, « The Poisonwood Bible », iliyotoka mwaka wa 1998, ingali inazusha mabishano kati ya wasomaji: katika hao watano, nani anapendwa zaidi, na nani wa kuaminiwa? Wanaosoma Kifaransa wanaijua kwa jina la « Les Yeux dans les arbres ».

Kwa Wakongomani, ulizo hilo si la mchezo. Hadithi inaanza mwaka wa 1959, inapitia uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, kuuawa kwa Patrice Lumumba na miaka ya utawala wa Mobutu. Msimulizi anayeaminiwa na msomaji ndiye anayemfundisha historia ya inchi.

Mwandikaji mwenyewe aliishi Kongo kwa muda akiwa mtoto wa miaka 7, wakati baba yake, daktari, alipokuja kufanya kazi huku. Katika riwaya, anayekuja ni mchungaji Nathan Price, Mbatisti kutoka jimbo la Georgia, Marekani. Anafikisha jamaa yake Kilanga, kijiji cha kubuni karibu na mto Kwilu, magharibi ya inchi. Anataka kubatiza watoto mtoni, wazazi wanakataa kwa sababu ya mamba. Akihubiri kwa Kikongo anakosea kutamka neno moja: anataka kusema kwamba Yesu ni wa thamani, kumbe watu wanasikia kwamba Yesu ni mti wa sumu unaowasha ngozi. Jina la kitabu limetoka hapo.

Kila msomaji na wake

Adah, mwenye miaka 14, ana ulemavu wa upande mmoja wa mwili na ni mara chache anaongea. Husoma maneno kutoka nyuma kwenda mbele, na huona kile ambacho wengine wanaficha. Usiku ambao siafu wanavamia kijiji, mama yake ana nafasi ya kubeba mtoto mmoja tu. Anambeba mdogo na kumwacha Adah. Wengi waliosoma ukurasa huo hawakumwacha tena Adah mpaka mwisho wa kitabu.

Pacha wake, Leah, anaanza akimfuata baba yake kila mahali, na anamaliza akimpinga. Anaolewa na Anatole Ngemba, mwalimu wa kijiji, anazaa naye watoto wanne wa kiume, na anabaki Afrika. Anapendwa kwa uaminifu wake, ingawa wengine wanaona kwamba uzeeni anahubiri karibu kama baba yake, isipokuwa injili yake ni ya siasa.

Dada mkubwa, Rachel, mwenye miaka 15, ndiye anayechekwa. Anachanganya maneno, na mawazo yake yako kwa kioo na nywele zake. Baadaye anakuwa mwenye hoteli karibu na Brazzaville. Lakini kumcheka haitoshi. Rachel anasema waziwazi kile ambacho wageni wengi waliwaza juu ya Wakongomani bila kuthubutu kukitamka, na kwa hiyo ushahidi wake una uzito.

Mama yao, Orleanna, anazungumza akiwa amekwisha kurudi Georgia, miaka mingi baadaye. Anajiuliza kama kunyamaza mbele ya uovu ni kushiriki. Ruth May, mtoto wa miaka 5, ndiye aliyepata marafiki mbele ya wote, kwa kuwafundisha watoto wa Kilanga mchezo wa kwao. Anakufa kwa kuumwa na nyoka siku ile ile Lumumba anapouawa.

Wasiopewa neno

Nathan hapewi hata sura moja ya kusimulia. Mtu aliyewanyima wengine neno nyumbani, kitabuni ananyimwa yeye.

Lakini kuna wengine ambao hawasimulii: Anatole, kijana Nelson, Mama Tataba, chifu Tata Ndu. Msomaji anawajua kupitia macho ya wageni tu. Hata siku ile Tata Ndu anaposimamisha ibada na kuomba watu wapige kura juu ya Yesu, kwa kuwa Wazungu wanasifu uchaguzi, na Yesu anashindwa kwa kura 11 dhidi ya 56, anayetuambia ni binti wa mchungaji. Chifu aliwaza nini usiku huo? Hatujui.

Historia yenyewe ilionyesha hatari ya kusikiliza upande mmoja. Mwezi wa Februari 1961, viongozi wa Katanga walitangaza kwamba Lumumba alitoroka, kisha wanakijiji wakamwua. Ilikuwa uongo. Alipigwa risasi tarehe 17 Januari, mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Wanakijiji walisingiziwa damu, na hakuna aliyewapa nafasi ya kujitetea.

Leo waandikaji Wakongomani wanasimulia wenyewe. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa mwaka wa 2020 « La Danse du Vilain », riwaya yenye wasimulizi wengi, kati ya vijana wa barabara za Lubumbashi na wachimba almasi wa Angola. Humo wakaaji wa mji ndio wenye neno.

Hilo haliondoi thamani ya kitabu cha Kingsolver. Msomaji anaweza kumchagua Adah, Leah au hata Rachel. Ila akifunga kitabu, ni vizuri ajiulize pia Anatole angesimulia nini, kama angepewa sura moja tu.