Gemu mbichi haiivishwi na busta

"Fundi, ni busta gani nitaweka ili Cities iache kuganda?" Swali hili la busta, yaani programu inayodai kuongeza kasi ya kompyuta au simu, limenifikia hapa mtaani Kware kwa njia zote: kwa WhatsApp usiku wa manane, kwenye dirisha la duka, na hata ndani ya matatu ya Kitengela kutoka kwa abiria asiyejua jina langu, ila ameonyeshwa kwamba yule ndiye wa kompyuta. Jibu ni moja, na ninaliandika ili siku nyingine niwe naelekeza kidole tu: hakuna. Si kwamba bado sijaipata iliyo nzuri. Hakuna.

Cities inayoulizwa ni Cities: Skylines II, gemu ya mkakati ya kujenga mji na kuuendesha, iliyotengenezwa na Colossal Order wa Tampere, Ufini, na kuchapishwa na Paradox Interactive wa Uswidi. Ilitoka tarehe 24 Oktoba 2023. Kabla ya siku hiyo kampuni yenyewe ilishatangaza kwamba gemu haijafikia kasi waliyoikusudia. Walipandisha masharti ya mashine, kadi ya grafiksi iliyopendekezwa ikawa RTX 3080, na matoleo ya PlayStation 5 na Xbox yakaahirishwa. Toleo la kompyuta likatoka vivyo hivyo. Mwenye gemu amekwambia kwa kinywa chake kwamba kazi haijaisha, nawe unatafuta ugonjwa kwenye laptopu yako?

Ugonjwa ulikuwa ndani ya gemu. Wachezaji wenye ujuzi waliifungua wakakuta wakazi wa mji wamechorwa hadi meno. Ndiyo, meno, hata pale unapoutazama mji kutoka angani na mtu mzima hafiki ukubwa wa nukta. Gemu iliyokamilika huwa na nakala kadhaa za kila umbo: moja nzito ya kutazamwa karibu, nyingine nyepesi za kutazamwa kwa mbali. Hapa nakala nyepesi nyingi zilikosekana, na kampuni ikakiri. Kadi ya grafiksi ilikuwa inatoka jasho kuchora vitu ambavyo hakuna jicho lingeviona. Kuziunda nakala hizo, kuziingiza na kuzipima ni kazi ya watu walioketi Tampere. Hiyo programu ya megabaiti chache uliyopakua kwa kubonyeza tangazo haiingii ndani ya gemu kupunguza meno ya mtu.

Sasa tuifungue busta yenyewe. Unabonyeza, mshale unazunguka, inakutangazia kwamba RAM kiasi fulani imeachiliwa na kasi imepanda kwa asilimia kadhaa. Asilimia ya nini? Haijapima fremu hata moja, yaani zile picha ambazo gemu huchora kila sekunde. Ilichofanya ni kulazimisha data iondoke kwenye RAM. Lakini Windows na Android huijaza RAM makusudi: kilichotumika karibuni huachwa pale ili kikihitajika tena kisisomwe upya kutoka kwenye diski. RAM tupu haifanyi kazi yoyote. Umeinunua na imelala. Gemu ikitaka nafasi, mfumo huiondoa akiba hiyo wenyewe, papo hapo, bila kuombwa na mtu. Busta ikishaifagia kwa nguvu, muda si mrefu vitu vilevile vinarudi, safari hii vikitoka kwenye diski, na diski haiikaribii RAM kwa kasi. Gemu inazidi kukwama, na mwenye laptopu anabonyeza busta tena.

Kwenye simu ndiyo vituko. Busta inaziua programu zilizo nyuma, mfumo unaziamsha, inaziua tena, na kila kuamka kunakula betri. Nimeshakuta simu yenye busta mbili, kila moja ikiua mwenziwe. Zote mbili zilikuwa zinakesha nyuma kwa sababu moja tu, kuonyesha matangazo. Na usiniletee ile hoja ya simu iliyoandikwa "RAM 8 na 8 ya ziada". Hiyo ya ziada ni kipande cha hifadhi ya kawaida kilichopewa kazi ya RAM. Kinasaidia programu zisifungwe mapema. Kuharakisha gemu hakiwezi.

Kuna jamaa watakaoapa kwamba kwao ilifanya kazi. Nawaamini kwamba gemu yao ilipata nafuu, ila waulize lini. Gemu iliyotoka kabla ya wakati hurekebishwa kwa viraka kila mara katika miezi ya kwanza, na Steam, duka la gemu za kompyuta, hupakua marekebisho hayo bila wewe kuwa na habari. Total War: Rome II, iliyotoka Septemba 2013 ikiwa na majeshi ya kompyuta yasiyojua yaendako, ilipewa viraka kimoja baada ya kingine hadi toleo la Emperor Edition la Septemba 2014, ambalo waliokuwa wameshanunua walipewa bure. Mtu aliyeweka busta wakati wowote ndani ya mwaka huo angeona nafuu. Kiraka kimefanya kazi, busta imepokea shukrani.

Kama bado una shaka, nenda kwenye kibanda chochote cha PlayStation. eFootball ya Konami ilitoka tarehe 30 Septemba 2021 ikiwa na nyuso za wachezaji zilizochekwa dunia nzima, Konami wakaomba radhi, na toleo la 1.0.0 likafika Aprili 2022 likiwa na nafuu. PS4 haina busta na haiongezwi RAM. Mashine ni ileile ya Septemba na ya Aprili. Kilichobadilika ni gemu.

Hapa niseme jambo kwa wale wanaobebewa gemu kwenye flashi. Nakala ya wizi mara nyingi ni ile ya siku ya kwanza, na viraka haivipati. Umejifungia na gemu katika hali yake mbaya kuliko zote, halafu mwaka mmoja baadaye unaniambia gemu hii ni takataka. Ndiyo, hiyo yako ni takataka. Ya wenzako ilishasonga.

Haimaanishi mashine haina lawama kamwe. Laptopu nyingi ninazoletewa ni za mtumba kutoka Uingereza, za ofisi, zenye grafiksi ya Intel iliyo ndani ya prosesa. Cities: Skylines II hata kwa kiwango cha chini kabisa inadai kadi ya GTX 970 yenye memori yake ya GB 4. Hapo huna hitilafu ya kutibiwa, una mashine ya Excel. Tena kuna vumbi. Vumbi la machimbo ya mawe na barabara za udongo za upande huu huingia kwenye feni mpaka linakuwa kama zulia, na prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kupulizwa vumbi na kubadilishiwa pesti ya kupoza prosesa ni huduma halali yenye faida unayoweza kuipima, na cha ajabu ndiyo watu wanayoikataa wakisema ni kuibiwa. RAM nayo, ile ya kununua na kuchomeka, ina maana ikiwa uliyo nayo iko chini ya masharti ya gemu, au ikiwa grafiksi yako inakopa RAM na una kipande kimoja pale vinapoingia viwili. Zaidi ya hapo unaniletea pesa za bure, na nimeshazikataa.

Kwa nini gemu za mkakati hasa ndizo hutoka mbichi? Gemu ya kukimbia na kufyatua risasi huonyesha kasoro zake dakika za mwanzo. Gemu ya mkakati huzificha mpaka usiku wa tatu. Mji wa watu elfu mbili unakwenda vizuri. Ukifika watu laki moja, kila mkazi akiwa na nyumba, kazi na njia ya kupita inayopigiwa hesabu na prosesa, ndipo saa inaanza kujikokota. Wapimaji hawawezi kucheza kila mji unaowezekana, na tarehe ya kutoa ilishatangazwa. Colossal Order walikuwa na wafanyakazi karibu 30 tu.

Hata zile tunazojivunia hazikusalimika. Civilization IV ya 2005 ndiyo iliyofunguliwa kwa "Baba Yetu", wimbo wa Kiswahili wa Christopher Tin uliopata tuzo ya Grammy mwaka 2011, wa kwanza kutoka kwenye gemu kufanya hivyo. Gemu hiyohiyo ilipotoka iliwatesa wenye kadi za ATI. Kwaya ilikuwa tayari kuliko programu.

Namna wachezaji walivyoipokea Cities nayo ilikuwa na mafunzo, mengine ya aibu. Januari 2024 Mariina Hallikainen, mkuu wa Colossal Order, aliandika waziwazi kwamba matusi yanazidi ndani ya jumuiya ya wachezaji. Kumtukana mchoraji wa majengo hakujaharakisha fremu hata moja. Lakini hasira iliyoelekezwa mahali pake ilifanya kazi. Machi 2024 kampuni ikauza nyongeza ya Beach Properties ilhali gemu yenyewe bado inachechemea. Wachezaji wakaishusha kwa maoni mabaya Steam, miongoni mwa mabaya kuwahi kutolewa huko, na Aprili 15 kampuni zote mbili zikatoa barua ya radhi, nyongeza ikafanywa bure na waliokuwa wameinunua peke yake wakaahidiwa kurudishiwa pesa.

Ufanye nini basi? Usinunue kabla gemu haijatoka. Subiri miezi, si siku. Kwenye Steam soma maoni ya siku za karibuni, usitazame jumla. Tafuta anayecheza kwa mashine kama yako. Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 ikiwa hujacheza saa mbili. Kwenye Google Play una saa 48 za kuomba kurudishiwa. Saa mbili kwa gemu ya mkakati ni kidogo mno, mji wako bado ni kijiji, kwa hiyo usizimalize kuchagua jina na kupanga barabara: pakua mji mkubwa wa mtu mwingine uufungue, uone. Ukishanunua, shusha skrini hadi 1080p, punguza mwanga wa jumla (Global Illumination), zima volumetiriki (Volumetrics, yaani mawingu na ukungu) na kufifisha kwa umbali (Depth of Field). Kampuni yenyewe ilishauri hivyo. Gemu inadai nafasi ya GB 60, pima bando lako kwanza. Mashine haiwezi? Cities: Skylines ya 2015 ipo, na ilishakomaa.

Na ukiandika maoni, andika prosesa yako, kadi yako, RAM, toleo la gemu, idadi ya wakazi ilipoanza kuganda, na ulikuwa unafanya nini. Mstari mmoja wa namna hiyo mtengenezaji ataufanyia kazi Jumatatu asubuhi. Busta ifute leo.